Gari la umeme linapofika kambini: nani atalipia waya?

Umoja wa Ulaya, wenye makao yake makuu mjini Brussels, umetunga katika miaka ya hivi karibuni msururu wa sheria za kuharakisha matumizi ya magari yanayotumia umeme. Sheria hizo zinaeleza vituo vya kuchaji betri viwe umbali gani kutoka kimoja hadi kingine katika barabara kuu, viwe na nguvu kiasi gani na dereva alipe kwa njia ipi. Lakini kila unapoingia msimu wa kiangazi, na familia kwa maelfu zinapoondoka mijini kuelekea pwani, milimani na misituni, swali moja hubaki bila ya jibu la kuridhisha: gari hilo litachajiwa wapi litakapofika mwisho wa safari, kwenye kiwanja cha nyasi cha kambi ya mapumziko?

Kwa msomaji aliye Mombasa, Bujumbura au Mwanza, swali hilo huenda likaonekana dogo, tena la watu wenye nafasi. Sivyo lilivyo. Barani Ulaya kambi ni mapumziko ya mtu wa kipato cha kawaida, yule asiyemudu kuilipia familia yake hoteli kwa wiki mbili. Na ndani ya swali hilo mna jambo ambalo serikali za Afrika Mashariki nazo zimeanza kukabiliana nalo: ni rahisi kuamuru magari yabadilike, lakini ni vigumu zaidi kuamua nani atakayelipia waya wa kuyafikishia umeme.

Wageni wa kambi hizo huja na mahema, au na karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Wengine huja na gari-nyumba, ambalo lina kitanda, jiko na choo ndani yake. Ufaransa ndiyo inayoongoza Ulaya kwa wingi wa nafasi katika kambi za aina hii. Hata hivyo Ubelgiji nayo, ingawa ni nchi ndogo, ina kambi nyingi katika pwani ya Bahari ya Kaskazini na katika vilima vya Ardennes, kusini mashariki mwa nchi.

Sheria inayopima barabara

Sheria iliyo na uzito zaidi katika suala hili ni kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2023/1804 kuhusu miundombinu ya nishati mbadala, iliyoanza kutumika tarehe 13 Aprili 2024. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kufikia mwisho wa mwaka 2025 barabara za mtandao mkuu wa Ulaya zilitakiwa kuwa na kituo cha kuchajia magari madogo katika kila kilometa 60, kwa kila upande wa barabara. Kila kituo kilitakiwa kuwa na nguvu ya jumla isiyopungua kilowati 400, na angalau chaja moja ya kilowati 150. Kiwango hicho kinapanda hadi kilowati 600 kufikia mwisho wa mwaka 2027.

Kanuni hiyo inazitaka pia nchi wanachama ziwe na kilowati 1.3 za chaja za umma kwa kila gari la umeme linaloandikishwa. Aidha, chaja mpya zenye nguvu ya kilowati 50 au zaidi lazima zipokee malipo ya kadi ya benki, na bei yake ihesabiwe kwa uniti ya umeme, badala ya dereva kulazimishwa kwanza kujiandikisha na kampuni fulani.

Sheria ya pili ni ile ya matumizi ya nishati katika majengo, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2024. Hiyo inaagiza kwamba majengo mapya yasiyo ya makaazi, yenye nafasi zaidi ya tano za kuegesha magari, yawe na chaja moja kwa kila nafasi tano, na nusu ya nafasi zote ziwekewe waya mapema. Nchi wanachama zilipewa hadi mwezi Mei mwaka 2026 kuiingiza katika sheria zao za kitaifa.

Sheria zote mbili zina mantiki yake. Tatizo ni kwamba zinalitazama gari katika sehemu mbili tu: linapopita barabarani na linapoegeshwa kando ya jengo. Kiwanja cha hema si barabara kuu, wala si jengo. Ni kipande cha nyasi chenye nguzo fupi ya umeme pembeni, na mara nyingi nguzo hiyo iliwekwa katika zama ambazo mgeni alihitaji taa mbili, redio na jokofu dogo.

Anayekokota karavani ana shida nyingine tangu akiwa njiani. Gari la umeme la ukubwa wa kati hutumia kiasi cha uniti 18 za umeme kwa kilometa 100. Likifungwa karavani nyuma yake, matumizi hayo hukaribia kuongezeka maradufu, kwa sababu ya uzito na zaidi kwa sababu ya upepo unaoigonga nyumba hiyo. Kwa hiyo gari lenye betri ya uniti 60, ambalo likiwa peke yake linaweza kwenda zaidi ya kilometa 300, hubakiwa na uwezo wa kwenda kilometa 170 hivi. Safari ya kutoka Brussels hadi La Roche-en-Ardenne, mji wa mapumziko unaopendwa na Wabelgiji, ni ya takriban kilometa 130. Dereva hufika akiwa na robo ya betri au chini ya hapo.

Akiamua kuchaji njiani, hukuta kwamba vituo vingi vimechorwa kama maegesho ya kawaida, ambapo gari huingia kwa pua na kutoka kwa kurudi nyuma. Mwenye karavani hulazimika kuifungua, kuiacha pembeni, kuchaji, kisha kuifunga tena. Kanuni ya Brussels inapima kilowati na kilometa. Haiwalazimishi wenye vituo kutenga katika kila kituo nafasi ambayo gari refu linaweza kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Hesabu ya soketi ya buluu

Katika kambi nyingi za Ulaya umeme hutolewa kwa soketi ya rangi ya buluu yenye matundu matatu, iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango kimoja cha kimataifa, ili mgeni kutoka Denmark aweze kuchomeka waya wake nchini Uhispania bila ya matatizo. Soketi ni ile ile, lakini umeme unaopita ndani yake hutofautiana. Kambi moja hutoa ampea 6, nyingine ampea 10 na nyingine ampea 16.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mgogoro. Kwa umeme wa volti 230, ampea 6 ni sawa na kilowati 1.4 hivi. Ampea 10 ni kilowati 2.3, na ampea 16 ni karibu kilowati 3.7. Tuchukue mfano wa gari lenye betri ya uniti 60, ambalo dereva wake anataka kulichaji kutoka asilimia 10 hadi asilimia 80. Anahitaji uniti 42. Uniti hii ndiyo ile ile ambayo mkaazi wa Dar es Salaam hununua kwa LUKU na mkaazi wa Nairobi kwa tokeni. Kwa ampea 6 kazi hiyo itachukua saa 30. Kwa ampea 10 itachukua saa 18, na kwa ampea 16 zaidi ya saa 11. Ukiongeza umeme unaopotea njiani, muda huwa mrefu zaidi.

Kuna jambo jingine. Kwa viwango vinavyotumika Ulaya, chaja za kawaida za magari ya umeme haziwezi kushuka chini ya ampea 6. Maana yake ni kwamba katika kambi ya ampea 6, gari hula umeme wote wa kiwanja. Jokofu haliwezi kufanya kazi wakati gari likichajiwa. Birika la umeme la kawaida, linalotumia wati 2,000, huweza kukata umeme, hata kama gari halipo.

Usalama nao unatajwa sana katika mjadala huu. Jokofu huwaka na kuzima, na birika hutumika kwa dakika tatu. Gari huvuta umeme wa kiwango cha juu kwa saa kumi mfululizo. Soketi iliyolegea, plagi iliyoshika kutu kwa mvua, au waya mrefu ulioachwa ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake, vyote hupata joto kwa mzigo wa namna hiyo, na huweza kuwaka moto. Viwango vya kimataifa vya ufungaji wa umeme vina sehemu moja inayohusu kambi za karavani na sehemu nyingine inayohusu kuchaji magari, kila moja ikiwa na kinga zake. Kambi nyingi zilijengwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kwamba siku moja sehemu hizo mbili zingekutana katika nguzo moja. Ndiyo maana wenye kambi wengi wameamua kupiga marufuku kuchaji gari kutoka kwenye soketi ya kiwanja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika suala la umeme wa kambini, mwenyeji hana hakika ya kupona.

Kwa desturi ya miaka mingi, kambi hutoza umeme kwa usiku, bila ya kupima matumizi. Tuseme kambi inatoza yuro 5 kwa usiku na yenyewe inanunua uniti moja kwa senti 30. Mgeni wa kawaida akitumia uniti 6 au 7 kwa siku, mwenye kambi hubakiwa na faida ya kutosha kutunza nguzo na nyaya. Mgeni akichaji gari lake kwa uniti 42, umeme huo pekee humgharimu mwenye kambi zaidi ya yuro 12. Hasara hiyo lazima ilipwe na mtu. Bei ikipandishwa kwa wote, mstaafu aliyekuja na hema na baiskeli atakuwa anamlipia jirani yake mwenye gari jipya.

Hesabu ya mtandao mzima ni nzito zaidi. Kambi yenye viwanja 100 haikujengwa kwa kudhani kwamba viwanja vyote vitavuta umeme kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja. Mafundi hufanya makadirio, kwa kuwa wakati mmoja anapika, mwingine yuko baharini. Magari ya umeme yanaiharibu hesabu hiyo, kwa sababu wageni hufika jioni, na wote huchomeka nyaya zao katika saa ile ile ambayo majiko yanawaka. Magari 20 yakichajiwa pamoja kwa kilowati 11 kila moja, yanahitaji kilowati 220. Kwa kambi ya kijijini, hiyo maana yake ni transfoma mpya na waya mpya wa chini ya ardhi, gharama ambayo familia inayoendesha biashara ya msimu wa miezi mitano haiwezi kuibeba kwa urahisi.

Katika jimbo la Wallonia, upande wa kusini wa Ubelgiji, kuna kundi jingine linaloguswa na suala hili. Maelfu ya watu wanaishi mwaka mzima ndani ya kambi na vijiji vya mapumziko, wengi wao kwa kushindwa kumudu kodi za nyumba. Tangu mwaka 2002 serikali ya jimbo hilo imekuwa na mpango maalumu kwa ajili yao. Kwa watu hao soketi ya kambi ndiyo umeme wa nyumbani. Mtandao dhaifu ukizidiwa na magari ya wageni wa kiangazi, wao ndio wanaobaki gizani.

Kasi ya Ubelgiji na mamlaka zake

Ubelgiji inafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu ya kasi yake. Mwaka 2024 zaidi ya robo ya magari mapya yaliyoandikishwa nchini humo yalikuwa ya umeme pekee, wakati wastani wa Umoja wa Ulaya ulikuwa asilimia 13.6. Chanzo kikubwa ni kodi. Zaidi ya nusu ya magari mapya huandikishwa kwa majina ya makampuni, ambayo huwapatia wafanyakazi wao kama sehemu ya malipo. Sheria iliyopitishwa mwezi Novemba mwaka 2021 iliondoa hatua kwa hatua nafuu ya kodi kwa magari ya kampuni ya petroli na dizeli. Mfanyakazi aliyepewa gari la umeme na mwajiri wake ndiye huyo huyo anayekwenda nalo kambini mwezi Julai.

Hata hivyo serikali kuu iliyoyageuza magari kwa kodi siyo inayosimamia kambi. Utalii, mipango ya ardhi na usambazaji wa umeme katika Ubelgiji viko kwa sehemu kubwa mikononi mwa majimbo matatu: Flanders, Wallonia na Brussels. Umoja wa Ulaya unapanga barabara, serikali kuu inapanga kodi, na majimbo yanapanga kambi na nyaya. Mwenye kambi anayetaka kujua wajibu wake hulazimika kubisha hodi katika milango mitatu.

Wakati huo huo mwelekeo wa Brussels wenyewe umekuwa ukiyumba. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria iliyotaka magari mapya yote yatakayouzwa kuanzia mwaka 2035 yasitoe hewa ya kaboni. Mwezi Desemba mwaka 2025, Halmashauri Kuu ya Umoja huo ilipendekeza sharti hilo lilegezwe, kiwango cha upunguzaji kiwe asilimia 90 badala ya 100. Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kukopa fedha kwa ajili ya transfoma anasikia kauli mbili, naye huamua kungoja.

Magari-nyumba ya umeme, kwa upande wake, bado ni machache, hasa kwa sababu ya uzito. Leseni ya kawaida ya gari dogo barani Ulaya ilikuwa na mpaka wa tani 3.5, na betri kubwa humaliza nafasi hiyo kabla familia haijapakia mizigo yake. Mwezi Oktoba mwaka 2025 Bunge la Ulaya liliidhinisha sheria mpya ya leseni inayoruhusu, kwa masharti, magari-nyumba ya hadi tani 4.25. Nchi wanachama zina miaka kadhaa ya kuitekeleza. Zitakapofanya hivyo, kambi zitapokea wageni wenye betri kubwa zaidi ya hizi za leo.

Haba na haba

Je, hakuna njia? Ipo, na haihitaji maajabu. Mgeni wa kambi, tofauti na msafiri wa barabara kuu, hana haraka. Gari lake litakaa pale usiku kucha, pengine wiki nzima. Kwa matembezi ya siku anahitaji uniti 20 hivi, zinazotosha kilometa 100. Uniti 20 zikigawanywa kwa saa 10 za usiku ni kilowati 2 tu. Yale magari 20 yaliyohitaji kilowati 220 kwa pamoja yanaweza kutosheka na kilowati 40, iwapo chaja zitaunganishwa na chombo kinachogawa umeme kwa zamu na kwa kiasi. Hapa methali ya haba na haba hujaza kibaba ni hesabu ya kifundi kabisa.

Masharti ya njia hiyo ni matatu. La kwanza ni mita kwenye kila chaja, ili kila mgeni alipe uniti alizotumia. La pili ni chaja chache za pamoja, zilizofungwa na fundi katika sehemu moja ya kambi, zenye waya na kinga zake mbali na soketi za viwanja. La tatu ni kanuni inayoeleweka, inayomwambia mwenye kambi afanye nini na msaada wa fedha atauomba wapi. Sharti hili la tatu ndilo lisilo mikononi mwake.

Bila ya hayo, mwenye gari la umeme atabaki kutegemea chaja za kasi za barabara kuu, ambako bei ya uniti nchini Ubelgiji inaweza kuwa mara mbili ya ile ya nyumbani. Mwenye nyumba yenye karakana huchaji kwa bei nafuu, na asiye na karakana hulipa zaidi kwa gari lile lile.

Wahamiaji wengi kutoka Afrika wanaoishi Brussels wanaufahamu ubaguzi huo wa kimyakimya. Katika mtaa wa Matongé, wilayani Ixelles, mahali ambapo si mbali kwa miguu kutoka Bunge la Ulaya, watu huishi katika nyumba za ghorofa zisizo na maegesho. Gari hulala barabarani. Gari la umeme lililotumika litakaposhuka bei kiasi cha kununuliwa na muuguzi au dereva wa teksi wa mtaa huo, swali lake litakuwa lile lile la mgeni wa kambini: nitachomeka wapi, na kwa bei ya nani?

Kambi zilizoanza na jua

Afrika Mashariki, ambako neno kambi kwa mtalii lina maana ya safari ya kutazama wanyama, imelijibu swali hili kwa namna yake, ingawa kwa kiwango kidogo. Nchini Tanzania kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza mwaka 2018 kutumia gari la safari lililobadilishwa kutoka injini ya dizeli na kuwa la umeme. Nchini Kenya kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kazi ya kuyabadilisha magari ya aina hiyo. Katika Maasai Mara, kambi ya Emboo River huendesha magari ya safari ya umeme na kuyachaji kwa nishati ya jua.

Hali ya kambi hizo ni kinyume cha ile ya Ardennes. Nyingi ziko mbali na gridi ya taifa na zilizoea jenereta za dizeli, hivyo hapakuwa na mtandao wa zamani wa kuulinda wala soketi ya buluu ya kubishania. Aliyejenga alilazimika kuanza na swali la msingi: gari linahitaji uniti ngapi kwa siku, na saa ngapi?

Jibu limesaidiwa na ratiba ya safari yenyewe. Gari hutoka alfajiri, hurudi kabla ya adhuhuri, hupumzika wakati wa jua kali, kisha hutoka tena alasiri. Saa za mapumziko ya gari ndizo saa ambazo paneli huzalisha umeme mwingi zaidi. Mwendo ni wa polepole na umbali wa siku si mkubwa. Katika ukanda huu paneli zenye uwezo wa kilowati moja huzalisha kiasi cha uniti 4 hadi 5 kwa siku, hivyo gari linalohitaji uniti 20 linaweza kulishwa na paneli za kilowati 5. Na kwa kuwa mwenye kambi ndiye pia mwenye gari, hakuna ugomvi wa nani amlipie nani.

Hapo lakini ndipo ulipo mpaka wa mfano huo. Kambi hizo hutoza bei kubwa na hupokea wageni wachache. Kambi ya umma katika hifadhi, inayopokea watalii wa ndani na vijana wa shule, haina mtaji huo. Siku ambayo familia kutoka Arusha au Nakuru itafika hapo na gari lake la umeme, mlinzi wa lango atakutana na hesabu ile ile ya Ardennes, tena pengine na plagi za aina mbili au tatu tofauti. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2014 juu ya aina moja ya plagi ya kuchajia. Afrika Mashariki, yenye magari yaliyotumika kutoka Japan kwa upande mmoja na magari mapya kutoka China kwa upande mwingine, haijafika hapo.

Na siku hiyo haiko mbali sana. Ethiopia ilitangaza mwezi Januari mwaka 2024 kusitisha uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari mwaka 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazoandikishwa mjini Kigali ziwe za umeme. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Hatua hiyo ya Kenya inastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu inamshawishi dereva achaji wakati gridi ina nafasi, jambo ambalo kambi nyingi za Ulaya bado hazijaweza kulifanya.

Mahali gari linapolala

Funzo la Brussels si kwamba sheria zake ni mbaya. Bila ya kanuni ya kilometa 60, msafiri wa karavani asingethubutu kuondoka nyumbani. Funzo ni kwamba sheria imeanza na mahali ambapo gari hupita, ikachelewa kufika mahali ambapo gari hulala. Na gari, kama mwenyewe, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likiwa limesimama.

Anayetunga kanuni mjini Nairobi, Dodoma, Kampala au Kigali ana nafasi ya kuupindua mpango huo: kuanza na maegesho ya nyumba za kupanga, stendi, nyumba za wageni na kambi, ambako umeme kidogo kwa saa nyingi unatosha, kisha kwenda kwenye chaja za kasi za barabara kuu, ambazo ni ghali na huhitaji mtandao wenye nguvu. Kuweka bomba tupu la waya wakati jengo au kambi inapojengwa hugharimu kidogo. Kuchimba upya baada ya miaka kumi hugharimu mara nyingi zaidi, na anayechimba mara nyingi ni yule aliye na mtaji mdogo kuliko wote.

Kwa wenye kambi wa Ardennes, kiangazi kinachokuja kitaleta magari ya umeme mengi kuliko kilichopita, iwe sharti la mwaka 2035 litalegezwa au la. Magari hayo yameshanunuliwa, na nafuu ya kodi imeshatolewa. Kilichobaki ni kuamua iwapo waya wa mwisho utalipiwa na mwenye gari, na mwenye kambi, na jirani mwenye hema, au na serikali zilizoyataka magari hayo. Kila mwaka unaopita bila ya uamuzi, bili hiyo inawaangukia wale wasioshirikishwa katika kuiandika.